Embe Haliozi kwa Kukosa Kiwanda

Kila mwaka maembe yanapoanza kudondoka, kauli ile ile inarudi: maembe yanaoza kwa sababu hatuna viwanda. Mbunge anaisema bungeni, mgombea anaisema jukwaani, mtangazaji anaisema akiwa amesimama kando ya lundo lililojaa nzi, na mwenye mwembe naye, akisogezewa kipaza sauti, anaisema vivyo hivyo. Imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayefikiria kuipinga.

Mimi naipinga. Ila niweke mpaka mapema, maana mabishano yetu mengi huharibika kwa kuchanganya mambo mawili. Mtu aliyepanda ekari 20 za Kent, Keitt na Tommy Atkins kwa mistari, iwe Mkuranga au Makueni, anahitaji kiwanda, barabara, chumba cha baridi na soko la nje. Akipiga kelele ana haki yake. Simzungumzii huyo. Namzungumzia mwenye mwembe mmoja, miwili, au mitano nyuma ya nyumba, awe Tabora, Muheza, Kilwa, Kilifi au Pemba. Huyu ndiye anayeonyeshwa kwenye taarifa ya habari, na kiwanda hakitamfaa kitu hata kikijengwa kesho ng'ambo ya barabara.

Kiwanda cha kusindika matunda kinataka tani kwa tani kila siku. Kinataka aina moja au mbili, zenye nyama nyingi na nyuzi chache, zilizofikia kiwango kimoja cha kuiva, na kinataka kujua leo wiki ijayo kitapokea nini. Sasa tazama uani kwako. Wewe una mwembe wa dodo. Jirani ana bolibo. Wa tatu ana sindano, na wa nne ana mwembe usio na jina, uliojiotea pale mtoto alipotupa kokwa miaka 30 iliyopita, wenye embe tamu lakini nyuzi zake zinabaki kwenye meno hadi jioni. Lori lipite nyumba kwa nyumba likikusanya ndoo mbili hapa na gunia moja pale, katika njia ya mchanga, mwezi wa mvua? Bei ambayo ingelipa dizeli ya safari hiyo ingemwachia mwenye mti pesa isiyofika hata nauli ya kwenda kuidai. Kiwanda cha matunda cha Bakhresa kipo Mwandege, wilayani Mkuranga, na kinafanya kazi yake. Hakikujengwa ili kimalize maembe ya uani kwa bibi yako, wala hakikudai hivyo. India ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha maembe, na viwanda vya kuyasindika inavyo vingi. Hata hivyo, kila kiangazi akina mama wa huko wanakata embe bichi na kujaza mitungi ya achari nyumbani kwao. Viwanda havikuwaondolea kazi hiyo, na wao hawakuvisubiri.

Sasa twende chini ya mti wenyewe, maana huko ndiko uozo unakoanza.

Tunaanguaje maembe? Watoto wanarusha mawe na vipande vya miti. Kijana anapanda, anatikisa tawi, yanaporomoka. Yaliyobaki tunayaachia upepo. Embe likitua chini kutoka urefu wa nyumba, kwa nje huonekana zima, lakini ndani nyama imeshapondeka, na kufikia siku ya pili au ya tatu pale lilipogonga panakuwa peusi na laini. Halafu tunasema halina soko. Lingeanguliwa kwa upondo wenye ndoano na mfuko mdomoni, au kwa mkono, likaachiwa kikonyo cha urefu wa kidole, likageuzwa kichwa chini mpaka utomvu ukatike, lingekaa kivulini wiki nzima likiiva taratibu. Utomvu ule ukichuruzika kwenye ganda unaliunguza, na doa linalobaki ni mlango wa kuvu.

Kuvu wenyewe wana dawa isiyonunuliwa dukani. Madoa meusi yanayotapakaa kwenye ganda embe linapoiva ni ugonjwa uliokuwa umelala humo tangu tunda likiwa changa. Maji ya moto ya nyuzi 52 hivi, kwa dakika 5, yanaudhoofisha sana. Huna kipimajoto? Ndoo moja ya maji yanayochemka kwa ndoo mbili za maji ya bomba, huku kwetu kwenye joto, inakupa karibu nyuzi 50. Weka maembe machache kwenye maji mengi ili maji yasipoe upesi, yatoe, yakaushe kwa kitambaa, yapange bila kubebanishana. Sijaona kampeni hata moja ya kiwanda iliyowahi kumtajia mwananchi ndoo hizo tatu.

Halafu kuna kuvundika. Tunda linaloiva hutoa hewa inayoamsha matunda mengine, ndiyo maana embe moja bivu ndani ya gunia linavuta gunia zima. Bibi zetu walilijua hilo kwa vitendo. Lakini sisi tunaangua mti mzima Jumamosi moja, tunafunika magunia sita kwa pamoja, yote yanaiva siku moja, na siku hiyo hiyo tunaanza kulalamika kwamba yamekuwa mengi. Angua kwa mafungu, vundika kwa mafungu, kila fungu na siku yake. Hapo msimu wa wiki tatu unakuwa wa wiki sita bila senti ya mtu.

Yaliyodondoka nayo yana hadithi yake, na hapa ndipo kauli ya viwanda inapogeuka kuwa hatari. Mwaka 2003 alionekana pwani ya Kenya nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, ambaye wataalamu leo wanamwita Bactrocera dorsalis. Kwa miaka michache akawa ameenea sehemu kubwa ya Afrika. Anatoboa ganda la embe linalokaribia kuiva, anataga, funza wanakula ndani, kisha wanatoka na kujichimbia kwenye udongo chini ya mti, ambako wanageuka nzi wapya. Kila embe unaloliacha lioze chini ya mwembe wako ni malezi ya nzi hao, na nzi hajui mpaka wa kiwanja. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe yake Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na haikurejea katika soko hilo hadi 2021. Walioumia ni wakulima wa maembe ya biashara, wale wale tunaosema wanahitaji viwanda na masoko. Kuokota yaliyodondoka kila asubuhi, kuyafukia shimo la kina cha nusu mita au kuyafunga kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani siku kadhaa, ni kazi ya mwenye mti. Akiambiwa embe linaoza kwa kosa la serikali, ataokota kwa nini?

Kauli ile inadai pia, bila kutamka, kwamba sisi ni watu tusiojua kuhifadhi chakula hadi mashine ije. Hili linanikera kuliko yote. Nenda Usukumani au Unyamwezini wakati wa kiangazi uone viazi vitamu. Vinamenywa, vinakatwa vipande, vinaanikwa juu ya majabali: vikianikwa vibichi ni michembe, vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa ni matobolwa. Vinawekwa ghalani hadi msimu wa kulima, wakati chakula kingine kimepungua, ndipo vinachemshwa na kuliwa kwa karanga au maziwa. Muhogo unakuwa makopa. Majani ya kunde yanachemshwa, yanaanikwa, yanahifadhiwa kuwa mboga ya miezi mingine. Ziwani wanaanika dagaa, pwani wanapasua samaki wanamtia chumvi anakuwa ng'onda. Hakuna aliyesubiri kiwanda cha viazi. Akiba haiozi, walisema wazee, na walisema hivyo kwa sababu walishafanya kazi ya kuifanya isioze. Embe peke yake ndilo tuliloliacha nje ya mpango huu. Na si kwamba ni mgeni wa jana. Miembe mikongwe ya Tabora na Ujiji imesimama kwenye njia za misafara tangu karne ya 19. Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, inasimuliwa kwamba walikutana chini ya mwembe.

Kwa nini basi tuliliacha? Wengi watakwambia ni uvivu, nami sikubaliani nao. Lipo jibu moja la maana, na ni zito: mvua. Viazi vinavunwa na kuanikwa Juni hadi Septemba, jua likiwa kali na hewa kavu. Embe la Tabora linaiva mvua zikiwa zimeshaanza. Anika vipande vya embe bivu Desemba uone: asubuhi jua, saa nane wingu, jioni manyunyu, na siku ya pili vina ukungu. Mtu aliyejaribu mara moja na kupoteza ndoo nzima hana sababu ya kujaribu tena. Mwenye hoja hii simdharau.

Lakini hoja hii inahusu embe bivu. Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, mti umejaa maembe mabichi na jua bado ni la kiangazi. Huo ndio wakati wa kuvuna sehemu ya mti. Punguza robo ya matunda. Matawi hayatavunjika kwa uzito, na yatakayobaki yatanenepa. Embe bichi lililomenywa na kukatwa vipande vyembamba, likalala kwenye chumvi usiku mmoja, linakauka kwa siku mbili tatu za jua hilo. Likitwangwa linakuwa unga mchachu unaokaa mwaka mzima kwenye chupa kavu. Wahindi wanauita amchur. Wapwani wanaopika mchuzi wa samaki kwa embe bichi hawahitaji kuelezwa faida yake: mwezi ambao embe hamna na ndimu zimepanda bei, kijiko kimoja cha unga huo kinafanya kazi ya ukwaju. Ukitaka achari, vipande vilivyolala na chumvi vianike siku moja tu vinyauke, kaanga kitunguu saumu, pilipili, haradali na bizari kwenye mafuta, mimina siki, changanya, jaza chupa ya kioo iliyochemshwa mpaka mafuta yafunike juu, uisahau wiki mbili. Usitumie sufuria ya alumini, maana uchachu unaila. Mombasa wana namna yao ya achari, vipande vikavu vyenye sukari, pilipili na rangi nyekundu, vinavyouzwa pamoja na mabuyu. Mtoto wa huko ukimwambia embe halihifadhiki bila mashine atakucheka.

Pwani, kwa kweli, haina udhuru wa mvua. Januari na Februari ni kaskazi, jua la kuchoma mgongo, na miti bado ina maembe. Hapo anika embe bivu bila hofu. Chagua lililoiva lakini bado gumu. Kata vipande vya unene wa nusu sentimita, vichovye kwenye maji ya ndimu visiwe vyeusi, vipange kwenye ungo au wavu safi ulioinuliwa juu ya ardhi, funika kwa shela au pazia jembamba. Chandarua chenye dawa usikiguse, dawa ile haikuwekwa kwa ajili ya chakula. Ukipata namna ya kuvikinga na jua la moja kwa moja huku hewa moto inapita, bora zaidi, kwa sababu jua kali linapunguza vitamini A. Kipande kikipindwa bila kuvunjika na bila kutoa maji, kiko tayari. Vitie kwenye chupa ya kioo, tikisa kila siku kwa wiki moja. Ukiona ukungu wa maji kwenye kioo, virudishe juani.

Ni mzigo kiasi gani? Chukua maembe 100 ya gramu 300 kila moja. Ni kilo 30. Ukiondoa ganda na kokwa unabaki na kilo 18 hivi za nyama, na kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya nyama hiyo ni maji, ikikauka inakuwa kilo 3 na nusu. Maembe 100 yanaingia ndoo moja. Wanaosema hatuna maghala ya matunda wajibu ndoo hiyo inahitaji ghala gani.

Friji nitaigusa tu. Mwenye umeme wa uhakika na nafasi agandishe rojo, ni njia nzuri. Nyumba nyingi zenye miembe hazina nafasi hiyo, na wenye friji wanajua umeme wa LUKU unavyokimbia. Rojo pia linaweza kuchemshwa vizuri na ndimu na kufungwa likiwa moto kwenye chupa zilizochemshwa. Ndimu usiiache, kwa kuwa embe lililoiva sana hupungua uchachu, na uchachu ndio unaozuia vijidudu vya hatari ndani ya chupa.

Kuna kundi jingine linaloamini halisemi kama wanasiasa, kumbe linasema yale yale kwa sauti ndogo. Ni watu wa semina za ujasiriamali. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ilianzishwa mwaka 1973 na imefundisha wengi usindikaji; siibezi. Ninachokipinga ni ile dhana kwamba embe likishaingia chupani lazima liwe bidhaa. Mama anakwenda semina, anafundishwa jamu, anaambiwa kila kilo ya rojo inataka karibu kilo ya sukari. Anafundishwa lebo, anafundishwa nembo ya ubora ya TBS, anaambiwa atafute chupa za aina moja na soko la uhakika. Anarudi nyumbani na cheti. Sukari ni ghali, chupa za aina moja hazipatikani wilayani, nembo ina taratibu na safari zake. Anaacha. Na kwa kuwa amefundishwa kwamba kusindika ni biashara, kushindwa biashara kunakuwa kushindwa kusindika, na mwembe wake unaendelea kumwaga matunda chini. Kwani michembe ina lebo? Nani aliwahi kuipeleka kukaguliwa kabla ya kumpa mwanawe? Anayetaka kuuza afuate taratibu zote, tena bila mkato, maana anawalisha watu asiowajua. Anayeweka cha kula na wanawe aachwe afanye kwa usafi na kwa chupa za kila umbo.

Nitaambiwa ninawaongezea akina mama kazi. Ni kweli kazi hii, kwa namna tunavyoishi, itaangukia kwao, na mwandishi anayeandika "kata, anika, tikisa kila siku" bila kusema nani, anajificha. Basi niseme nani. Kupanda mti na kuangua kwa upondo ni kazi ya vijana wa kiume, wale wale wanaorusha mawe sasa. Kutengeneza kichanja cha kuanikia ni kazi ya baba, saa mbili za Jumapili moja na misumari michache. Kuokota yaliyodondoka kabla ya shule ni kazi ya watoto. Kumenya wamenye wote, maana kula watakula wote. Nyumba ambayo baba anasubiri kiwanda huku mama anamenya peke yake haitahifadhi chochote zaidi ya mwaka mmoja, na mama atakuwa na haki ya kugoma.

Nyuma ya yote haya kuna jambo ambalo hatulitamki: embe la uani hatulihesabu kuwa chakula. Ni la watoto, la wapita njia, la mbuzi. Mahindi yakimwagika tunainama kuokota punje; embe tunaliruka. Wakati huo huo vituo vya afya vinawapa watoto matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, na embe bivu la rangi ya chungwa ni moja ya vyanzo vizuri vya vitamini hiyo ambavyo mtoto anakula bila kubembelezwa. Siandiki haya ili mtu aache kumpeleka mtoto kliniki. Naandika kwa sababu nchi inayogawa matone na kuruka maembe imekosea hesabu mahali fulani, na kosa hilo halitarekebishwa na uwekezaji.

Basi Oktoba hii, mvua haijafika, angua debe moja la embe bichi, ulitie chumvi, ulianike. Debe moja tu, ujue mkono wako unavyofanya kazi kabla hujataka makubwa. Na akija mtu kuomba kura kwa ahadi ya kiwanda cha maembe, usimzomee. Muulize kitapokea tani ngapi kwa siku, za aina gani, na lori lake litapita nyumbani kwenu siku gani.